Mama Alipoifua Kibodi

Baba yangu aliamini kwamba kazi yangu ni kuzima na kuwasha. Hakulisema kwa ubaya. Aliwaambia wageni sebuleni kwetu Makambako, huku akimenya kiazi cha moto kwa kucha: "Huyu binti yangu yuko Njombe, kwenye redio. Mashine zikigoma, anazima, anawasha." Wageni walitikisa vichwa kwa heshima, mimi nilitabasamu, na rohoni nilichemka. Miaka minne ya chuo, miaka sita ya kazi, halafu mtu anakufupisha kwa maneno mawili, tena baba yako mzazi.

Mwaka ule macho yake yakaanza kumwacha. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba dawa zingechelewesha mambo tu. Baba alitupa habari hiyo kwa sauti ile ile anayotumia kusema kwamba huko kwetu kumenyesha. Mimi habari hiyo ililala nami wiki nzima, nikiamka nayo na kwenda nayo kazini. Mwishowe nikampigia. "Baba, njoo Njombe siku moja uione kazi yangu, kabla..." Sikumalizia kabla ya nini. Akasema angekuja Alhamisi.

Redio yetu ilikuwa ndogo: chumba cha matangazo, ofisi, choo, na mashine moja iliyobeba kila kitu. Ilipiga nyimbo, ilirekodi mahubiri, ilitunza matangazo ya misiba na ya mbegu za viazi. Niliipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Ilikuwa haijazimwa tangu masika, na jambo hilo nililitaja kwa watu mara nyingi kuliko walivyotaka kulisikia.

Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Kila baada ya miezi miwili mitatu programu ya kurekodi iliganda, muziki ukiendelea kama kawaida. Ukiiua, haifi. Unaiamuru ife, inapokea amri, inabaki pale pale imekukodolea macho. Dawa pekee ilikuwa ile ambayo baba aliwaambia wageni, na ndiyo maana nilikuwa naichukia mno.

Wajuzi fulani wa mtandaoni wakanishauri niingie kwenye dibaga ya kiini wakati mashine bado inaumwa. Kiini ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ndiyo inayozigawia programu zote zamu zao. Dibaga ni mlango wa uani wa kuingilia humo. Unabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, mashine yote inasimama ikiwa na kila kitu mkononi, nawe unapita katikati ukihoji: wewe ulikuwa unafanya nini? Na wewe unamsubiri nani? Ukimaliza unaandika herufi moja tu, na maisha yanaendelea kutoka pale yalipokomea, wala hakuna programu inayojua kwamba ilisimamishwa. Nilishajaribu mara kadhaa kwenye mashine yangu ya nyumbani. Kwenye mashine ya redio nilikuwa nangoja iugue.

Alhamisi baba akaja na koti lake la reli. Alistaafu kama fundi wa simu na ishara za reli, na koti lile angelivaa hata jangwani, sembuse Njombe mwezi wa saba. Alimwamkia kila mtu "Kamwene", akakaa kando ya meza yangu, karibu na jiko la mkaa tulilokuwa tukiliwasha ofisini ili vidole vipate kufanya kazi. Hata chai hajamaliza, mtangazaji wetu akachungulia. Alikuwa na sauti nzito iliyowafanya watu wamwogope, na woga mwingi usiolingana nayo.

"Dada, imeganda tena."

"Safi sana!" nikasema.

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Nikamweleza kwamba wimbo ukiisha ningeisimamisha mashine kwa dakika mbili, na yeye aongee tu kwenye kipaza sauti. Akasema yeye haongei bila karatasi. Nikamwambia dakika mbili si hotuba, ataje saa, aulize hali za wasikilizaji, basi. Akaondoka akinong'ona.

Nilitakiwa kusubiri wimbo uishe. Sikusubiri. Baba alikuwa amenigeuzia uso, kofia mapajani, na mimi nilikuwa nimeungoja uso ule miaka sita. Nikabonyeza vitufe vitatu.

Skrini ikawa nyeusi. Ikaja mistari michache myeupe, na chini yake herufi mbili na mshale, maana yake: haya, uliza. Nikataka kupiga kelele kwa furaha, lakini redio ilinitangulia. Kumbe kifaa cha sauti hakikuwa na habari kwamba kiini kimesimama. Kiliendelea kuisukuma hewani punje ya mwisho ya sauti kiliyopewa, tena na tena. Kwaya ilikuwa katikati ya haleluya. Kote inakofika redio yetu ikasikika: lelelelelelelelele.

Ilichukua kama dakika tano mtangazaji kupata ujasiri wa kushusha kitelezi cha sauti. Baadaye mama mmoja wa upande wa Wanging'ombe alipiga simu kuuliza ni harusi ya nani, maana vile vigelegele alivijibu jikoni kwake, jirani akatoka naye akajibu, na sasa walikuwa wamesimama uani hawajui wampongeze nani.

Mimi kichwa kilikuwa bado kikubwa. "Ona, baba," nikasema, nikipitisha kidole kwenye skrini. "Huu mstari unasema tumeingia. Huu unasema ni kichakataji kipi kimesimama. Hapa sasa nitaandika amri, programu zote zitajipanga mbele yetu."

"Eeh," akasema baba.

Nikaandika. Hakikutokea kitu. Nikaandika kwa nguvu zaidi, kana kwamba shida ni heshima. Kimya. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho kila anayejua dibaga anakijua, na ambacho mimi pia nilikijua hadi baba alipovuka kizingiti. Kibodi ile ilikuwa mpya, ya plagi bapa, na kibodi za namna hiyo zinaweza kutegemea sehemu za kiini ambazo nilikuwa nimetoka kuzisimamisha mwenyewe. Nilikuwa nimejifungia nje na ufunguo nikauacha ndani.

Kibodi ya zamani, ya plagi ya duara, haina mambo hayo, inaongea na mashine moja kwa moja. Tena mashine iliwashwa masika ikiwa nayo, kwa hiyo bado ilikuwa inaikumbuka. Nilikuwa nimeibadilisha wiki tatu tu nyuma kwa sababu kelele za vitufe vyake zilisikika hewani wakati wa sala. Na ilikuwa wapi? Makambako, juu ya kabati la vyombo, chini ya kitambaa cha kufuma, kando ya redio ya kaseti iliyokufa zamani. Kwetu kitu hakitupwi, kinavikwa kitambaa.

Mtangazaji akachungulia tena, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Dada, dakika mbili zimepita zamani. Si uzime tu uwashe?"

Mbele ya baba! Nilimtazama mpaka akarudi mwenyewe kwenye kipaza sauti. Baba alinyoosha mikono kwenye jiko akaigeuza, upande huu, upande ule. Ningeizima ile mashine, ningekuwa nimemtoa mzee wa watu Makambako kuja kushuhudia kitu kile kile alichokuwa akiwaambia wageni, na sikujua kama tungepata Alhamisi nyingine. Nikaapa sizimi hata askofu aje. Mkurugenzi wetu, kwa bahati, alikuwa Bulongwa siku hiyo.

Nilizunguka maduka ya kompyuta mjini, yote yaliyokuwepo, na haikunichukua muda mrefu. Zote plagi bapa. Muuzaji mmoja alipoona nachora duara hewani kwa kidole alicheka mpaka akashika kaunta, akaniambia hiyo nikaitafute makumbusho. Nikampigia mama.

"Mama, ile kibodi niliyoileta, mpe kondakta wa Kosta ya Njombe. Sasa hivi, mama."

"Ile ya herufi?"

"Hiyo hiyo."

"Sawa, mwanangu. Baba yako amekula?"

Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Kosta kutoka Makambako ni mwendo wa saa moja na ushee. Saa sita, nikiwa stendi nangoja mzigo, nikapiga tena kuuliza imeondoka na gari gani.

"Bado inakauka," akasema mama.

"Inakauka nini?"

"Nimeifua."

Nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu.

"Nimeifua kwa sabuni ya unga na brashi ya viatu. Mimi siwezi kutuma kitu kichafu ofisini kwa watu. Humo ndani kulikuwa na makombo, mwanangu, ungeona aibu. Iko kwenye kichanja na sufuria, jua likiipata kidogo nakutumia."

Nilimsihi aitume hivyo hivyo mbichi. Akakubali kwa shingo upande, kana kwamba nimemwomba amtoe mtoto nje uchi.

Mtangazaji, wakati huo, alikuwa peke yake na wasikilizaji wake. Alisoma matangazo ya asubuhi, akayasoma tena, akasoma maelezo ya mfuko wa mbolea uliokuwa mlangoni, pamoja na onyo la kutoipumua. Kisha karatasi zikamwishia. Niliporudi nilimkuta amefumba macho anawasimulia watu, kwa sauti ile nzito, jinsi anavyoogopa bata tangu utoto. Simu zilikuwa zinaita. Mzee mmoja wa Mlangali alitaka kumweleza kwamba na yeye pia, ila alikuwa hajawahi kumwambia mtu.

Mzigo ulifika saa nane. Lilikuwa boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, maana mama hawezi kutuma kitu kimoja kikiwa peke yake. Ndani kulikuwa na maparachichi, maharage, soksi za baba, na chini kabisa, ndani ya kanga, kibodi. Ilinukia vizuri sana. Nikaiinamisha, maji yakanimwagikia viatuni. Kisha nikaitazama juu. Safu ya kwanza ya herufi ilianza A, B, C, D.

Nikapiga simu. Sikumbuki kama nilisalimia.

"Ndiyo, niling'oa vyote kwa kisu nikasugua na chini," mama akasema. "Halafu nikavirudisha kwa mpangilio. Vilikuwa vimevurugika vibaya sana."

"Mama, ndivyo vinavyokaa!"

"Nani alivikalisha hivyo?"

Mama alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini.

Nilitaka kulia, nasema ukweli. Mashine imesimama tangu asubuhi, mtangazaji anatubu hewani, na mimi nimeshika kibodi inayotiririka. Baba akanyoosha mkono. "Lete."

Aliiweka mapajani, akatoa kisu kidogo kwenye koti, akaanza kutafuta skrubu kwa ncha ya kidole. Alipozipata alifumba macho na kuzifungua hivyo hivyo, moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kofia yake. Nikadhani anajishaua. Akaufungua mgongo wa kibodi, akatoa karatasi za plastiki zilizobanana ndani, akazitenganisha taratibu na kuzifuta kwa leso, akirudia kila mahali kwa kidole gumba kuhakikisha pamekauka.

"Niiweke juu ya jiko?" nikauliza.

"Pembeni. Weka mkono hapo. Mkono ukivumilia, na yenyewe itavumilia."

Nikaweka mkono wangu kando ya wake. Akaanza kunisimulia simu za reli zilivyokuwa zikilowa kila masika, na jinsi alivyokuwa akizikausha kwenye vibanda vya njiani, hana hata tochi, huku stesheni mbili zikimngoja na treni haiwezi kuondoka mpaka aseme. Nilimfahamu baba yangu miaka thelathini na minne na sikuwahi kumwona akifanya kazi. Nilijua tu kwamba anaenda reli na anarudi reli. Kama wageni wangeniuliza baba yako alikuwa anafanya nini, ningesema alikuwa anaunga waya. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Saa tisa na nusu aliirudishia skrubu zote, haikubaki hata moja. Nikachomeka plagi ya duara, nikavuta pumzi, nikabonyeza P na S ili kuzipanga programu. Skrini ikaandika herufi nyingine kabisa, na kiini kikanijibu kwa adabu kwamba amri hiyo hakiijui. Lakini kilikuwa kimejibu! Nilimkumbatia baba mpaka kofia ikaanguka.

Tatizo likabaki la mama. Mimi sijawahi kujifunza kuandika bila kutazama vitufe, natumia vidole viwili na macho. Ikabidi niiweke ile kibodi mpya kando, niitumie kama ramani. Nikitaka P nabonyeza J, nikitaka S nabonyeza L. Nikimaliza kila amri napiga skrini picha kwa simu, maana huko ndani hakuna pa kuhifadhi kitu. Nilikuwa naandika polepole kuliko mtoto wa darasa la mama.

Na nikampata mwizi. Programu ya kurekodi ilikuwa hai kabisa, imekaa ndani ya kiini, inasubiri kwa uvumilivu diski fulani imalize kuandika. Diski yenyewe ilikuwa flashi. Nikaenda chumba cha matangazo, nikamwita mtangazaji kwa kidole. Flashi ilikuwa kiunoni mwake, imefungwa na funguo za nyumba. Alikuwa na tabia ya kuichomoa wakati mashine bado inaiandikia, kwa sababu, alisema, ile taa yake ikiwaka sana aliona inachoka. Nilichomwambia hakifai kuandikwa. Nyuma yake simu bado zilikuwa zinaita, watu walitaka bata waendelee.

Nikarudi. "Baba, sasa tunaiachia. Wewe ndiye utakayebonyeza." Herufi ya kuendelea ilikuwa C, ambayo mama alikuwa ameiita V. Nikashika kidole chake nikakiweka pale, kisha kwenye kitufe kikubwa cha kuingiza. Akabonyeza. Kule chumbani mtangazaji akapandisha kitelezi, na kwaya ikamalizia kwa sauti nne: "...luya."

Baba alicheka kama sijawahi kumsikia. Alipiga goti kwa kiganja. Na mimi, nikiwa bado na joto la ushindi, nikamwuliza, "Uliona lakini mistari ilivyokuwa inapita? Uliona ule wa flashi nilipokuonyesha?"

Akaipapasa kofia yake.

"Sijaona, mama," akasema. "Sijaona hata mmoja tangu asubuhi. Hapo mbele yangu naona weupe wa dirisha tu."

Nilikumbuka kidole changu kikipita kwenye skrini, huu mstari unasema hivi, huu unasema vile, na yeye akisema "Eeh".

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa unafurahi kunionyesha."

Nilivuta kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikafungua simu kwenye picha ya kwanza, nikamsomea mstari wa kwanza. Akauliza maana yake. Nikamweleza, akauliza tena, maswali ya fundi, ya nani anamngoja nani na kwa nini asiondoke. Kosta ya Makambako ya saa kumi na moja ilipopiga honi barabarani tulikuwa kwenye mstari wa kumi na mbili, tukaiacha iende.